"False" Inapokugomea: Dalili, Sababu na Namna ya Kurekebisha

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwenye neno "false" utakuta -a uongo, -a bandia, si kweli, pengine na -danganyifu. Yote yana mahali pake. Shida ni kwamba kamusi haikuambii lipi likae wapi, na mtu akiwa na haraka huchukua lile la kwanza. Matokeo yake ni fomu zenye "majibu ya uongo", mashtaka yenye "kifungo cha uongo" na vitabu vya baiolojia vyenye "mbavu za uongo", kana kwamba mbavu zina mdomo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na tatizo lako, urekebishe, uendelee na kazi. Niliyemkusudia hasa ni mfasiri, mwandishi wa habari za mahakama, mhudumu wa afya na anayeanza kuandika programu, lakini mwalimu anayetunga mtihani naye hatakosa lake.

Kipimo cha kwanza, kabla ya kugusa chochote

Isome sentensi yako yenye "-a uongo", kisha uulize: nani kadanganya hapa? Ukimpata mtu, hata kama jina lake halijulikani, neno liache. Usipompata, ling'oe.

Kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu ya asili ya neno lenyewe. "False" limetokana na Kilatini falsus, kutoka kitenzi fallere, ambacho kilikuwa na maana ya kumhadaa mtu na pia ya kitu kumwangusha aliyekitegemea. Kiingereza kimerithi yote mawili. Kwa hiyo kivumishi hicho kinasema tu kwamba kitu hakiko kama kinavyoonekana au kinavyodaiwa. Kosa ni la nani, hakisemi. Kiswahili hakiko hivyo. Uongo una mwongo wake, na hata ukienda Mombasa na Lamu ambako wanasema urongo, mrongo yuko nyuma yake. Makosa mengi utakayoyaona hapa chini yanazaliwa na pengo hilo moja.

Dalili: sentensi inamshutumu mtu asiye na kosa

Hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi, na makazi yake ni hospitali.

Chukua "false labour". Mama mwenye mimba ya kwanza, wiki ya 36, amefika kituoni usiku na mama mkwe wake. Tumbo linakaza, linaachia, linakaza tena. Muuguzi anampima, anaona mlango wa kizazi bado umefunga, anamwambia: "Huu ni uchungu wa uongo, nenda nyumbani kapumzike." Kitaalamu hajakosea. Ila mama wa watu amesikia kwamba ameitwa mwongo, tena mbele ya mkwewe, na safari ijayo atavumilia nyumbani hata pale asipopaswa kuvumilia.

Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliyaeleza maumivu haya mwaka 1872, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Mji wa mimba unakaza kweli. Maumivu ni ya kweli. Kisichokuwepo ni hatua za kuzaa. Basi sema hivyo: "Uchungu wa kuzaa bado haujaanza. Tumbo linakaza kwa kujiandaa." Ukiwa na nafasi ongeza namna ya kutofautisha: huu hauna mpangilio, hauzidi nguvu wala kukaribiana kadiri saa zinavyokwenda, na mara nyingi hutulia mama akitembea kidogo, akilala au akinywa maji. Uchungu wenyewe hauna mapumziko ya namna hiyo. Na akiona damu, maji yakipasuka au mtoto akipunguza kucheza, arudi saa hiyo hiyo. Kwenye fomu, penye nafasi ndogo, "uchungu usio wa kuzaa" unatosha.

"False pregnancy" ina hatari hiyo hiyo, pengine zaidi. Ni hali ambapo mwanamke anaamini ana mimba na mwili wake unamuunga mkono: hedhi inasimama, tumbo linakua, maziwa yanaweza hata kutoka. Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza alijitenga kusubiri kujifungua mwaka 1555, ikulu nzima ikangoja, mtoto hakutokea. Hakuwa akimdanganya mtu. "Mimba ya uongo" kwa Kiswahili ni ya msichana anayetaka kumfunga mwanamume kwa ndoa, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Kwa hali ya kitabibu andika "dalili za mimba bila mimba".

Kisha kuna "false positive" na "false negative", ambazo tangu janga la korona kila mtu amezisikia. "Chanya ya uongo" inaeleweka, sikatai, lakini inamfanya mgonjwa aamini kwamba maabara imemchezea. Kwenye maandishi ya kitaalamu napendelea "chanya isiyo sahihi" na "hasi isiyo sahihi". Kwa mgonjwa mwenyewe, istilahi ziache kabisa, useme sentensi nzima: "Kipimo kimeonyesha ugonjwa ambao huna," au "Kipimo hakikuuona ugonjwa ulio nao."

Na hapa inafaa kujua kinachotokea ndani ya kipimo, maana ndicho kitakachokuchagulia maneno. Vipimo vingi vya haraka vya malaria katika zahanati zetu hutafuta protini inayoitwa HRP2, inayotolewa na kimelea cha Plasmodium falciparum. Ukimeza dawa ukapona, vimelea hufa, lakini protini ile hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Ukipimwa tena katika kipindi hicho, mstari unatokea. Kipimo hakikukosea: kilitumwa kutafuta protini na protini kimeiona. Kilichokosea ni tafsiri ya mstari kuwa "una malaria sasa". Upande wa pili kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya kutengeneza HRP2. Hao kipimo hakiwaoni hata wakijaa.

Mtoto mchanga wa mama mwenye VVU ni mfano mzuri zaidi. Kabla ya miezi 18, kipimo cha kingamwili kinaweza kuonyesha chanya kwa sababu mtoto amebeba kingamwili za mama yake, ilhali virusi hana. Mweleze mama kwamba "kipimo kimeona kinga yako ndani ya mtoto, sasa tunatafuta virusi vyenyewe". Neno uongo halina pa kukaa kwenye mazungumzo hayo. Hali kadhalika mtu aliyejipima siku chache baada ya kujiweka hatarini: jibu hasi lake linatokana na mwili kutowahi kutengeneza kingamwili. "Mapema mno" ndilo neno lake.

Dalili: msomaji hajui kama kitu kipo au hakipo

Hapa tatizo ni vitu vya kushikika. Ukisema "meno ya uongo" mtoto atacheka, maana meno hayo yanatafuna nyama kama kawaida. Kiswahili kina bandia, na bandia ni neno la amani. Zamani bandia alikuwa mwanasesere, mtoto wa kuchezea, na mpaka leo neno limebaki na roho ile: kitu kilichotengenezwa kushika nafasi ya kingine, mara nyingi bila kumficha mtu. Meno ya bandia, kope za bandia, kucha za bandia, maua ya bandia. Kwenye mguu Kiingereza chenyewe hukimbilia "artificial", lakini kwetu bandia inaendelea kufanya kazi: mguu wa bandia.

Bandia inaingia pia kwenye udanganyifu, noti bandia na dawa bandia, kwa hiyo mpaka wake ni mpana. Ila ikiwa nia ni kulaghai, una silaha kali zaidi. Tanzania mtaani ni feki, na kwenye hati rasmi ni "-a kughushi". Kenya wamelifanya ghushi kuwa kivumishi kamili: noti ghushi, vyeti ghushi, dawa ghushi. Mhariri wa Dar akiona "vyeti ghushi" atataka kusahihisha. Asisahihishe kama wasomaji wako Nairobi.

Sakata la vyeti la Tanzania linaonyesha kwa nini neno moja halitoshi. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Magazeti yakaandika "vyeti feki", sawa kabisa. Lakini ripoti ile ilikuwa na kundi jingine, la vyeti vyenye utata, ambako cheti kimoja kilikuwa kikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hapo karatasi inaweza kuwa halali, yenye muhuri wake halali. Asiye halali ni aliyeishika. Mwingereza angeweza kutumia "false" kote kuwili. Sisi lazima tuchague: cheti cha kughushi, au cheti cha mtu mwingine.

Na "watumishi hewa" je? Hao ni wa mwaka 2016, majina yanayolipwa mshahara bila watu. Neno hewa lichukue uliweke akiba, maana linatibu tafsiri nyingi ngumu. "False promises" ni ahadi hewa. "False hope" ni matumaini hewa. Huwezi kuyapata kwenye kamusi chini ya herufi F, na ndiyo maana watu wanaandika "matumaini ya uongo" wakati mtaa mzima unasema hewa.

Majina ya kisayansi yapitie haraka. Mbavu zinazoitwa "false ribs" ni jozi ya 8 hadi ya 12. Zinaitwa hivyo kwa sababu gegedu zake haziufikii mfupa wa kifua moja kwa moja. Ziite "mbavu zisizofika kidarini" mara ya kwanza, kisha uendelee na jozi kwa namba. Mnyama kama Pseudorca crassidens, anayeitwa na Waingereza "false killer whale", ni mnyama halisi aliyefananishwa na mwingine tu. Mwite kwa jina la kisayansi, umalize.

Dalili: hati ya sheria imegeuka kichekesho, au imepoteza kosa

Mahakamani maana ya "false" hubadilika kutokana na jirani yake, kwa hiyo usilitafsiri likiwa peke yake.

"False imprisonment" ndiyo inayowaangusha wengi. Hakuna gereza la maigizo hapo. Ni kumzuia mtu asiondoke, hata chumbani, hata dukani kwa nusu saa, bila haki ya kisheria. Andika "kumzuia mtu isivyo halali". Anayeandika "kifungo cha uongo" amempeleka msomaji kwenye kesi ya kusingiziwa, ambayo ni jambo tofauti.

"Obtaining by false pretences" ina Kiswahili chake kilichokomaa, na waandishi wa mahakamani wanakijua kwa moyo: kujipatia fedha au mali kwa njia ya udanganyifu. Usibuni kingine. "Giving false information" kwa polisi au mtumishi wa umma ni kutoa taarifa za uongo, na hapa kipimo chetu kinapita vizuri, maana sheria inataka mtoa taarifa awe anajua kwamba anachosema si kweli.

Tatizo kubwa liko kwenye "false document". Sheria za adhabu za Kenya na Tanzania zinaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya namna hiyo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Watu wengi hudhani hati "false" ni hati yenye maneno ya uongo. Hapana. Ni hati inayojisema vibaya yenyewe: imejifanya imetoka kwa fulani wakati haikutoka kwake. Mwenyekiti wa mtaa akikuandikia barua ya utambulisho kwa mkono wake na muhuri wake, akasema umeishi pale miaka kumi wakati umehamia jana, barua ni halisi na yaliyomo ni uongo. Wewe ukijiandikia barua hiyo, ukaweka saini yake, na kila neno ndani yake likawa kweli tupu, umeghushi. Kwa hiyo kwa hati andika "hati ya kughushi", na kwa yaliyomo andika "maelezo ya uongo". Ukizichanganya mbili hizi kwenye tafsiri ya mashtaka, umempa wakili wa utetezi kazi nyepesi.

Sheria za mitandao zinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kimepanga vivumishi vinne mfululizo: "false, deceptive, misleading or inaccurate". Mfasiri mvivu ataandika "za uongo" na kuvifunika vyote. Lakini mwandishi wa sheria hakuviweka kwa mapambo. Taarifa inaweza kuwa ya uongo. Inaweza kuwa ya hadaa. Inaweza kuwa na ukweli mtupu lakini ikapangwa ili ipotoshe. Inaweza kuwa na takwimu iliyokosewa tu. Basi: "za uongo, za hadaa, za kupotosha au zisizo sahihi". Kisha angalia kilichotangulia, "knowing". Hilo ndilo linalobeba hatia, pamoja na nia inayotajwa mbele yake. Ukilisahau, kila aliyekosea tarehe anageuka mhalifu kwenye Kiswahili chako. Wenzetu wa Kenya, kwenye sheria yao ya 2018, kifungu cha 22, wana watatu: "false, misleading or fictitious". Huyo wa tatu ni "za kubuni".

Na tafadhali usitumie "batili" kwa "false" mahakamani. Batili ni kitu kisicho na nguvu ya kisheria. Mkataba unaweza kuwa wa kweli, uliosainiwa kwa hiari na watu wazima, na bado ukawa batili.

Dalili: kila neno limetafsiriwa na hakuna anayeelewa

Hii ni kwa misemo. "False alarm" ikawa "kengele ya uongo", "false start" ikawa "mwanzo wa uongo", "false economy" ikawa "uchumi wa uongo". Sababu ni ile ile: hakuna aliyedanganya, kuna tegemeo lililoanguka. Tiba ni kuacha kivumishi na kutafuta kitenzi, au lile neno dogo tulilonalo, bure. King'ora kimelia bure. Tumekimbia bure. Kama gazeti linataka maneno mawili: "hofu ya bure".

"False economy" ni kubana senti ukaja kutoa noti. Aliyekataa kununua mafuta ya injini ndiye anayenunua injini. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inalibeba vizuri kama aya inaruhusu methali. Kama ni ripoti ya ukaguzi, andika "kubana matumizi kunakozaa hasara".

"False start" kwenye riadha ni kuondoka kabla ya mlio. Tangu Januari 2010 mkimbiaji wa mbio fupi anayefanya hivyo mara moja tu anatolewa, na ndiyo iliyomtoa Usain Bolt kwenye fainali ya mita 100 huko Daegu, Korea Kusini, tarehe 28 Agosti 2011, dhahabu ikaenda kwa Yohan Blake. Mtangazaji aseme "amewahi kuondoka". Kwenye mradi au biashara, "false start" ni jambo lililoanza likakwama, na hakuna haja ya kumtafuta mkosaji.

Sasa kuna msemo mmoja unaovunja kanuni yangu, na nimeuacha kwa makusudi: "false dawn". Mfasiri mwenye tahadhari ataukimbia, ataandika "matumaini yasiyotimia". Si vibaya. Lakini Kiswahili kinaijua alfajiri ya uongo tangu zamani, kupitia mafunzo ya swala na saumu. Mwalimu wa chuoni anafundisha kwamba kuna alfajiri mbili. Ya kwanza ni mwanga unaosimama wima angani kama mkia wa mbwa mwitu, kisha giza linarudi. Hiyo ni kadhibu, ya uongo, na mfungaji anaendelea kula daku. Ya pili inatanda kwa mapana kwenye upeo wa macho na haiondoki. Hiyo ndiyo ya kweli, na hapo chakula kinakoma. Wanaastronomia wanajua mwanga ule wa kwanza unatokana na jua kuangaza vumbi lililotapakaa kati ya sayari. Kwa hiyo ukiandika kwamba makubaliano fulani ya amani yalikuwa "alfajiri ya uongo", msomaji wa Zanzibar au Malindi hatakuelewa tu, atakuona umeandika vizuri kuliko Mwingereza. Kipimo cha "nani kadanganya" hapa kinashindwa kihalali: lugha yenyewe imekwisha kuipa alfajiri ulimi, na mazoea ya karne yana nguvu kuliko kanuni ya mwandishi wa mwongozo.

Dalili: unamzungumzia mtu na sentensi inalegea

"A false friend" si "rafiki bandia". Ni mnafiki, ni ndumilakuwili, ni kikulacho. Kiswahili ni tajiri mno upande huu, huna sababu ya kubaki na kivumishi. "False modesty" ni unyenyekevu wa kujifanya. "False prophets" wana jina lao katika Biblia, manabii wa uongo, usiliguse. "False name" ni jina la uongo kama mtu anajificha. Kama ni mshairi anayejiita kwa jina la kazi, hiyo ni lakabu na hakuna ubaya ndani yake.

Wanaisimu nao wana "false friends" zao, maneno yanayofanana kwa sura katika lugha mbili na kutofautiana kwa maana. Mtalii anayeona kibao cha "hoteli" Morogoro akaingia na begi kutafuta chumba, akakuta watu wanakula wali maharage, amekutana na mmoja. Hapo "maneno ya kulaghai" hufaa, maana yanamlaghai kweli.

Mpirani, "false nine" imekwishatafsiriwa na watangazaji wenyewe: namba tisa wa uongo. Wapo wanaoilalamikia. Mimi naitetea, kwa sababu inapita kipimo bila jasho. Tarehe 2 Mei 2009 Barcelona ilipoifunga Real Madrid 6–2 pale Bernabéu, kocha Guardiola alimweka Messi katikati na kumpeleka Eto'o pembeni. Messi akawa anarudi nyuma kwenye kiungo, mabeki wa kati wakabaki hawajui wamfuate au wabaki na hewa. Nani kadanganya? Messi. Nani kadanganywa? Mabeki. Jina ni halali.

Dalili: kompyuta inasema FALSE na wewe huoni uongo wowote

Kwenye kompyuta "false" haina uhusiano na uongo hata kidogo. Ni "hapana". Ukiisoma hivyo, nusu ya matatizo yanaisha.

Mfano wa kila siku ni VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta kitu kwenye orodha. Mwalimu ana orodha ya wanafunzi isiyopangwa kwa alfabeti, anavuta alama kwa jina, na Asha anapata alama za Amani. Sababu ni kwamba ameacha sehemu ya mwisho ya fomula wazi. Sehemu hiyo inauliza: je, makadirio yanatosha? Ukiiacha, Excel inajijibu ndiyo, na kwenye orodha isiyopangwa inakuokotea jirani. Andika FALSE mwishoni, yaani hapana, nataka jina lenyewe hasa.

Tatizo la pili: fomula inaona seli imeandikwa FALSE lakini haihesabu. Tazama imekaa upande gani. Kama hujagusa mpangilio, FALSE ya kweli hukaa katikati ya seli, na FALSE ambayo ni maandishi tu hukaa kushoto. Ya kushoto imetoka kwenye faili lililoletwa toka programu nyingine, nayo Excel inaiona ni neno kama "ndizi".

Kosa hilo hilo linawauma wanaoandika programu. Kwenye JavaScript na Python, maandishi "false" yaliyofungwa kwa alama za kunukuu yanahesabiwa kuwa kweli, kwa sababu si matupu. Fomu imejazwa "hapana", mfumo umetuma neno "false", msimbo umeona herufi tano na kufungua mlango. Linganisha neno lenyewe, usiulize kama lipo. Kwenye faili za YAML (faili za maandishi za kupanga data na mipangilio ya programu) za mtindo wa 1.1 ni kinyume: ukiandika NO bila alama za kunukuu, inageuzwa kuwa false. NO ni msimbo wa nchi ya Norwei. Orodha yako ya nchi itakuwa na Kenya, Tanzania, Uganda, na hapana. Weka alama za kunukuu.

Ndani ya msimbo neno halitafsiriwi, na Python inataka F kubwa wakati Java inataka ndogo. Kwenye skrini ya mtumiaji ndiko kwa kutafsiri, na huko weka Ndiyo na Hapana, si Kweli na Uongo. Kwenye mtihani wa shule, Kweli na Si kweli.

Dalili: unaandika Kiingereza na Mwingereza anakunja uso

"False shoes" za mtumba wa kichina ni "fake". Noti ni "fake" au "counterfeit". Jibu la hesabu uliyokosea ni "wrong". "False" itumie kwa kauli inayoweza kukubaliwa au kukanushwa. "You are false" ni tusi la kimapenzi la kizamani, kwa hiyo kama unamaanisha mtu amekosea, sema "you're wrong", na kama amesema uongo, "you're lying".

Chunga pia watoto wa neno hili. "Falsify" kwa hati ni kughushi na kwa takwimu ni kuchakachua, lakini kwenye falsafa ya sayansi, tangu mwanafalsafa Karl Popper mwaka 1934, nadharia "falsifiable" ni ile inayoweza kupimwa na kukanushwa kwa ushahidi, na hiyo ni sifa njema. Mwanafunzi akiandika "nadharia inayoweza kughushiwa" ameigeuza juu chini. Na "falsely accused" usiihangaikie kwa maneno mawili wakati unatafsiri kuja kwetu: ni kusingiziwa. Ukitoka huku kwenda huko, kubali tu kwamba Kiingereza cha kila siku hakina kitenzi kimoja cha kawaida cha kusingizia, na "falsely" lazima liandikwe, la sivyo umesema mtu alishtakiwa na ukasahau kusema hakufanya.